Walisema wiki mbili, sasa ni kimya: niulizie kazi au nisubiri?

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Mbagala Rangi Tatu na mama na wadogo zangu wawili. Nina stashahada ya uhasibu. Kwa sasa nashika daftari kwenye duka la jumla la vyombo Kariakoo, nalipwa kwa wiki, hakuna mkataba wa maandishi wala NSSF.

Tarehe 11 Juni niliitwa kwenye usaili katika kampuni moja ya uwakala wa forodha, ofisi zao ziko Posta. Nafasi ni karani wa hesabu. Nilikuta jopo la watu watatu: meneja wa fedha, dada wa utumishi, na mzee mmoja ambaye hakujitambulisha vizuri, nadhani ni mmoja wa wakurugenzi. Nisijisifu Anti, lakini nilijibu. Walinipa karatasi ya hesabu za wateja iliyokosewa makusudi, nikaonyesha palipokosewa, meneja wa fedha akacheka akasema "huyu ana macho". Wakati natoka dada wa utumishi alinisindikiza mpaka kwenye lifti akaniambia, "Tutakujulisha ndani ya wiki mbili."

Wiki mbili zimeisha Jumatano iliyopita na simu haijalia. Alhamisi nikajikaza, nikamwandikia yule dada WhatsApp, "Habari dada." Tiki zikawa za bluu, jibu hakuna. Jioni nikaandika, "Samahani kwa usumbufu." Hiyo mpaka leo hajaifungua.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama anasema mwenda pole hajikwai, kama ni riziki yangu itanifuata. Binamu yangu anasema mtaka cha uvunguni sharti ainame, niende nikae pale mapokezi kila asubuhi mpaka wanichoke. Mjomba anafahamiana na dereva wa mkurugenzi, wanaswali msikiti mmoja, ameahidi kulisukuma, ila anasema itabidi nimtafutie yule dereva hela ya soda.

Juzi Jumamosi ndiyo mambo yakazidi kunichanganya. Shule moja binafsi ya Kigamboni, ambako nilifanya usaili mwezi Mei na nikawa nimeshaisahau, wamenipigia. Wananitaka ofisi ya mhasibu, kupokea ada. Niripoti Jumanne tarehe 8 Julai, na jibu langu wanalitaka Alhamisi hii tarehe 3. Mshahara ni mdogo kuliko ule uliotajwa Posta, na safari ni ya daladala mbili kupitia Kongowe.

Kuna na jambo ambalo sijamwambia mama. Wiki iliyopita yule mzee wa kwenye jopo alinipigia saa tatu usiku. Namba yangu nadhani aliitoa kwenye wasifu wangu. Akasema niko vizuri, ila kuna wenzangu wawili wanapambana, kwa hiyo tukutane Jumamosi jioni kwenye hoteli moja Sinza tuongelee suala langu kwa utulivu. Nikamwambia tuna msiba. Msiba wenyewe haupo. Tangu siku hiyo naogopa hata kuulizia kazi, naona kama nikiulizia nitakuwa nimemkubalia.

Nikiulizia sana nitaonekana nina njaa. Nikinyamaza nitaonekana sina haja. Nifanyeje?

Binti wa Mbagala

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeipata jana Jumapili, na kwa kuwa Alhamisi yako haisubiri foleni ya safu hii, wasomaji wengine wanisamehe, leo umewaruka.

Naanza na lile ambalo hujamwambia mama, maana ndilo linaloamua namna ya kufanya mengine yote.

Huyo mzee usikutane naye. Si Sinza, si kwingine, si kwa "dakika kumi tu unakunywa soda". Usaili ulioanzia ofisini Posta unamalizikia ofisini Posta, mbele ya watu. Kisingizio cha msiba kimekuokoa Jumamosi moja, lakini msiba una mwisho na yeye atapiga tena. Akipiga, huhitaji kutunga kingine. Mwambie, "Shikamoo. Mambo ya usaili naomba tuyaongee kupitia kwa dada wa utumishi, saa za kazi." Halafu aga, kata simu. Akiamua kuandika, usifute hata neno moja.

Na leo hii, kabla hujalala, chukua daftari uandike siku aliyopiga, saa, namba, na maneno yake jinsi alivyoyatamka. Simu haiachi maandishi. Ukikaa mwezi utaanza kujiuliza kama alisema "suala lako" au "suala la kazi", na watu wa namna hiyo wanategemea sana huko kujiuliza kwako. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamgusa mtu yeyote mwenye mamlaka anayedai ngono au fadhila nyingine kama sharti la kumpa mtu ajira. Haijasema serikalini peke yake. Najua mzee wako hajalitamka sharti lenyewe, hawalitamki kwenye simu ya kwanza. Lakini namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113, kupiga ni bure, na ofisi wanayo Temeke huko huko kwenu. Kama kuna mtego wa kuweka, wao ndio wanaojua kuuweka. Wewe usiende Sinza na simu inarekodi ndani ya pochi ukajifanya mpelelezi.

Namba yako uliiandika kwenye wasifu kwa ajili ya kazi. Kuichomoa humo na kuipigia usiku kwa shughuli zake binafsi ni jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetungwa kulizuia: taarifa zikikusanywa kwa kazi fulani, zitumike kwa kazi hiyo. Sikwambii ukafungue malalamiko kesho. Nakwambia ili ujue kwamba aliyevuka mpaka ni yeye. Na mtu mzima mmoja ajue habari hii. Kama unaona mama atashtuka sana, mwambie shangazi yako au dada yeyote unayemwamini, lakini usiibebe peke yako.

Sasa hiyo hofu kwamba ukiulizia kazi utakuwa umemkubalia. Anachotaka mzee ni wewe uamini kwamba majibu yanapita mkononi mwake. Ukimwandikia dada wa utumishi mchana kweupe, kwa jina lako kamili, umepita mlango wa mbele, na aliyekuwa anakusubiri mlango wa uani anabaki huko huko. Kwa hiyo ulizia. Ila ulizia vizuri, maana ulichofanya Alhamisi hakikuwa kuulizia.

"Habari dada" ni nusu ya salamu. Kaa kwenye kiti chake kidogo: simu yake ina waliosailiwa, ina wafanyakazi wanaodai hati zao za mshahara, ina fundi wa viyoyozi, na ina namba kibao asizozihifadhi zinazosema "Habari", "Mambo", "Upo?" Anajua akijibu "Nzuri" kuna hadithi inafuata, na yeye yuko kikaoni. Anasema moyoni nitamjibu baadaye, ujumbe unazama chini ya mingine. Ule wa jioni ndio ulionikera zaidi. Unaomba radhi ya usumbufu ambao hujausababisha! Najua tumelelewa hivyo, salamu kwanza, shida baada ya chai, na ana kwa ana ndivyo inavyopaswa. Kwenye maandishi, salamu na shida zipande daladala moja.

Halafu usikimbilie kutafsiri kimya chao. Fikiria ni wiki gani hii. Leo ni tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha wa serikali unafungwa, na mabadiliko ya kodi na ushuru yaliyopitishwa kwenye bajeti yanaanza kazi kesho tarehe 1 Julai. Kwa kampuni ya uwakala wa forodha hii ni wiki ya wateja kupiga simu wakiuliza mzigo wao utalipiwa kwa hesabu ipi, ya zamani au mpya. Meneja wa fedha aliyesema una macho, ya kwake wiki hii yako kwenye makaratasi ya bandarini. Wiki mbili alizokuahidi dada wa utumishi zilihesabiwa na mtu wa utumishi, na sahihi ya mwisho si yake.

Upo pia uwezekano ambao waajiri hawausemi: kwamba wewe ni wa pili. Wameshampa nafasi wa kwanza, naye anavutana nao mshahara, au anasubiri kumaliza notisi anakotoka, ambayo kwa mtu wa mshahara wa mwezi kisheria haipungui siku 28. Katika muda huo wote hawakwambii umekosa, kwa sababu hujakosa bado, wala hawakwambii umepata. Wa kwanza akighairi, mkono unarudi kwenye orodha, na hapo anayepigiwa ni yule ambaye simu yake inapatikana na jina lake linakumbukwa kwa wema. Ndiyo maana sitaki uwaandikie kwa hasira, hata kama moyoni unayo.

Na inawezekana kabisa wameshaajiri mtu na hakuna aliyejisumbua kukuambia. Matangazo mengi ya kazi huandika tangu mwanzo kwamba watakaojulishwa ni waliochaguliwa tu. Kwa aliyetuma barua tu, sawa, labda maombi yalikuwa mengi. Kwa mtu aliyepanda daladala kutoka Mbagala akakaa mbele yenu, akakaguliwa hesabu, kukosa hata mistari miwili ya kumwambia asante, tumepata mwingine, naona ni kukosa adabu, na hapa mjini tumeizoea kupita kiasi.

Jibu la kweli utalipata kwa kuuliza. Kama walikuita kwa barua pepe, ifungue ile ile waliyokuitia ujibu humo humo, usianzishe mpya, ili atakayeisoma aone chini yake wewe ni nani na ulikuja lini. Kama walikuita kwa simu, mtumie dada ujumbe kwenye namba yake. Tuma kesho Jumanne asubuhi, saa tatu na nusu hivi, watu wakiwa wameshakaa. Maneno yawe ya namna hii, weka majina yako:

"Habari za kazi, Dada. Naitwa fulani binti fulani, nilifanya usaili wa nafasi ya karani wa hesabu hapo ofisini tarehe 11 Juni. Uliniambia majibu yatatoka ndani ya wiki mbili, hivyo naomba kufahamu mmefikia hatua gani. Nafasi hii bado naihitaji. Nimepata pia nafasi sehemu nyingine ambayo natakiwa kuijibu Alhamisi tarehe 3 Julai. Nitashukuru kama nitapata neno lenu kabla ya hapo, hata kama ni kwamba bado hamjaamua. Napatikana kwa namba hii wakati wote. Ahsante."

Basi. Usiongeze kwamba mama anaumwa, kwamba wadogo zako wanadaiwa ada, kwamba Mungu atawalipa. Hayo ni kweli na yanauma, ila yanamfanya msomaji ahisi anaombwa msaada, wakati wewe unauliza jambo aliloliahidi mwenyewe kwa mdomo wake pale kwenye lifti. Umeona nilivyoitaja ahadi yake bila kumlaumu? Tarehe, ahadi, swali. Maneno "hata kama bado hamjaamua" yanampa pa kupitia. Mtu wa utumishi mara nyingi hajibu kwa sababu hana jibu la kukupa. Ukimruhusu kusema "bado", atasema.

Kuhusu kuitaja ile shule. Wapo watakaokwambia usiitaje, utaonekana unawatishia. Mimi nasema itaje, kwa sababu ni kweli na kwa sababu ndiyo inayoipa barua yako tarehe. Jina la shule na mshahara wake usiviweke, na wakikuuliza ni wapi, sema tu ni ofisi ya uhasibu. Lakini wewe msomaji mwingine ambaye huna ofa yoyote, usije ukajitungia. Meneja akisema "basi nenda huko, hongera," utabaki umeshika nini?

Isipojibiwa hadi Jumatano, piga simu. Saa nne asubuhi ni muda mzuri: vikao vya asubuhi vimepungua na njaa haijaanza kusema. Piga namba ya ofisi, si ya mkononi ya mtu. Ukipokelewa mapokezi sema jina lako na kwamba unaomba kuongea na utumishi kuhusu usaili wa tarehe 11 Juni. Atakapopokea dada mwenyewe, mazungumzo yatakuwa mafupi, na pengine yatakwenda hivi:

"Ahaa, ndiyo nakukumbuka. Bado tunachakata."

"Sawa dada, nashukuru. Nikuulizie tena lini?"

Hilo swali la pili ndilo ulilolipigia simu. Wengi wakiambiwa "bado tunachakata" wanasema haya asante, wanakata, wanarudi kwenye kusubiri kule kule. Ukiuliza lini, atakupa siku, au atababaika. Akikupa siku, iandike na uiheshimu. Kabla ya hapo usimtumie hata salamu ya Ijumaa. Akibabaika, akasema "we subiri tu tutakupigia", basi hilo nalo ni jibu, na Alhamisi yako imeshakuwa nyepesi.

Vitabu vya ng'ambo vinasisitiza barua ya shukrani siku ile ile ya usaili. Ukiwa na barua pepe yao, mistari miwili haina ubaya, lakini sijaona hapa Dar mtu aliyeajiriwa kwa sababu alisema asante, kwa hiyo kama hukuandika usikose usingizi. Kitu kinachowapotezea watu kazi kweli kweli ni simu. Ofisi nyingi bado zinatumia simu ya mezani, inaingia kwako kama namba ngeni inayoanza na 022, na siku hizi vijana wengi hawapokei namba wasiyoijua kwa kuhofia wale wa mikopo ya kausha damu. Kama nawe una deni lako la mtandaoni, siulizi, ila wiki hii pokea kila simu. Barua pepe nayo angalia na kwenye folda ya taka.

Binamu yako ana hoja, ila amekosea mahali. Ungekuwa umeomba kazi gereji ya Keko, au hapo hapo Kariakoo kwa mwenye duka, ningekwambia nenda mwenyewe. Tajiri yuko kaunta, anakuona, anakumbuka, anaweza kukwambia vua viatu anza leo. Kampuni ya ghorofani Posta ina mlinzi mwenye daftari la wageni, lenye safu ya "unamwona nani". Asubuhi ya kwanza utaandikwa. Ya pili utatazamwa. Ya tatu dada wa utumishi atapigiwa simu kutoka chini kwamba yule binti amekuja tena, na kuanzia hapo wewe ni kero inayohitaji kushughulikiwa na si mtu anayesoma mizania.

Kwa mjomba nitasema kwa heshima zote, kwa sababu ana nia njema. Hii hela ya soda isitoke. Ukimpa dereva, umenunua kitu ambacho dereva hana cha kuuza, na ukijulikana, jina lako litasafiri na soda hiyo hata pale ulipostahili kazi kwa macho yako mwenyewe. Tena mkurugenzi wake dereva anaweza kuwa ndiye yule mzee wa Sinza, umelifikiria hilo? Kama mjomba anataka kusaidia, amuulize rafiki yake jambo moja tu wakitoka kuswali: ile nafasi imeshajazwa au bado? Habari ya namna hiyo mjini inatembea bure, na ukiisikia haikudhuru. Asitaje jina lako.

Tuje shuleni. Jumatano jioni ikifika hujapata neno lolote la Posta lenye tarehe ndani yake, Alhamisi kabla ya saa sita wapigie Kigamboni uwaambie unakwenda. Kazi iliyotajwa siku ya kuripoti ni kazi. Ile nyingine kwa sasa ni matumaini yenye kiyoyozi. Najua mshahara ni mdogo na Kongowe asubuhi ina foleni yake, lakini linganisha na ulichonacho leo, usilinganishe na ulichotajiwa Posta.

Kabla ya kusaini, soma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yenyewe, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi, mshahara, na aina ya mkataba na muda wake. Uliza NSSF wanakuandikisha lini, usikubali "tutaona baada ya majaribio". Kwa mkataba unaovunjika kwa notisi, katika mwezi wa kwanza notisi haipungui siku 7. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 28. Ikiwa ni mkataba wa muda maalumu, tuseme mwaka mmoja, tafuta kipengele kinachosema nini kinatokea ukiondoka katikati, kwa sababu huko ndiko watu wanakojikuta wanadaiwa. Na tajiri wako wa Kariakoo naye usimwache hewani: anayelipwa kwa wiki, akishapita mwezi wa kwanza, notisi yake ni siku 4, hata kama hamjaandikiana kitu, na ukimwachia daftari likiwa limefungwa vizuri utakuwa umejipatia mdhamini wa kumtaja kwenye wasifu.

Naongeza hili kwa wasomaji waliofanya usaili wa serikali na wanaotaka kuiga barua niliyoandika hapo juu: ninyi msiandikie jopo. Kwa nafasi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, matokeo na majina ya wanaoitwa kazini hutangazwa kwenye tovuti yao, na hali ya maombi yako iko kwenye akaunti yako ya Ajira Portal. Waliofaulu wakakosa nafasi huhifadhiwa kwenye kanzidata na wanaweza kuitwa baadaye, kwa hiyo namba ya simu mliyoiweka humo isiwe laini mliyoitupa. Anayewapigia kusema jina lako limo ila "kuna kitu kidogo", huyo ni ndugu yake yule tapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii".

Mwanangu, bado lipo la wao kukupigia ukiwa umeshakubali shule. Hujafungwa kwa mtu ambaye hakukujibu, wala hujakosa adabu kwa kwenda mahali ulipoitwa. Jumatatu ijayo ni Sabasaba, ofisi zimefungwa, kwa hiyo simu yao inaweza kuingia Jumanne asubuhi ile ile unayoripoti. Toka nje, pokea, wasikilize hadi mwisho. Omba wakuandikie kwenye barua pepe cheo, mshahara, siku ya kuanza, na utakuwa chini ya nani. Hilo la mwisho ulisome mara mbili: kama ni chini ya meneja wa fedha, tuna la kuongea, niandikie siku hiyo hiyo. Kama ni chini ya yule mzee, rudi ndani ukapokee ada.